Maua ya Kivuli

Kulipokucha, cha kwanza kusikika katika nyumba ile kilikuwa ufagio. Chwa, chwa, chwa. Mama Cherehani alikuwa akifagia uwanja. Alianzia chini ya dirisha la chumba cha kulala, akarudi kinyumenyume hadi njiani, asikanyage alipokwisha kufagia. Alipomaliza, uwanja ulikuwa mtupu. Hapakuwa na jani wala unyasi, ila michirizi ya ufagio tu.

"Uwanja wako mtu anaweza kulia chakula chini," wapita njia walimwambia.

Sifa hiyo aliishika kwa mikono miwili. Nyingine hakuwa nayo.

Ndani, mumewe alikuwa amelala, uso kaelekeza ukutani. Watu walimwita Fundi Paa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuezeka mabati. Siku moja bati liliteleza, naye akaanguka. Mgongo uliumia, miguu ikafa ganzi. Hospitali walifanya waliloweza, wakamrudisha nyumbani. Tangu hapo ukuta ndio ulikuwa rafiki yake.

Muuguzi wa zahanati alikuja kumtazama. Alipomaliza, alimvuta mke hadi barazani, penye cherehani aliyoshonea nguo za watu.

"Mama, mikono yake ina nguvu," alisema. "Anaweza kujiinua akakaa. Hataki tu."

"Nimemsihi hadi mate yamenikauka."

"Sikufichi. Asipokaa, mgongo utatoka vidonda, na mapafu yatajaa. Mtu wa namna hii hauawi na miguu. Anauawa na kulala. Mtafutie kitu cha kumwinua."

Mama Cherehani aliingia chumbani. Alifungua dirisha, lililokuwa karibu kabisa na kitanda.

"Mume wangu, kaa kidogo upate hewa."

"Nikae nitazame nini?" mumewe alijibu bila kugeuka. "Vumbi? Funga dirisha."

Hakuwa amesema uongo. Dirisha lilitazama uwanja, na uwanja ulitazama jua. Kuanzia mchana hadi jioni jua lilipiga pale bila huruma. Upepo ukivuma, vumbi liliingia hadi kwenye shuka.

Kesho yake alipita muuza maua na mkokoteni wake. Mama Cherehani aliacha gauni la watu nusu mkono, akatoka mbio.

"Hayo yenye majani mapana ni maua gani?"

"Haya ni maua ya kivuli, mama."

Moyo wake uliruka. Kivuli ndicho alichokuwa akikitafuta. Mti wa kivuli aliujua, ni mti unaotoa kivuli. Basi maua ya kivuli ni maua yanayoleta kivuli. Hakuuliza tena. Alichukua miche, akaipanda saa ile ile chini ya dirisha, jua likiwa utosini. Udongo ulikuwa mgumu kama tofali la kuchoma. Alichimba vishimo vya kutosha mizizi tu, akaisindilia humo kama anayeziba tundu.

Alasiri majani yalianza kulegea. Aliyamwagia maji majani yenyewe, jua likiwaka. Asubuhi alifagia kuzunguka kila mche, karibu kabisa, pawe safi. Kabla juma halijaisha, majani yaligeuka kahawia pembeni, kisha yakajikunja. Miche ikafa. Alinunua mingine, akaipanda pale pale. Nayo ilikwenda njia ile ile, ukabaki mmoja tu wenye uhai kidogo.

Siku hiyo Fundi Paa aligeuza shingo, akachungulia.

"Na yenyewe yamelala," alisema. "Yameniiga."

Alicheka kidogo, kicheko kikavu. Kisha akasema, "Usinunue tena. Nyumba hii haioti kitu."

Miaka yote ya ndoa yao hawakuwa wamejaliwa mtoto. Neno lile lilimchoma mke mara mbili. Alitoka, akaketi mbele ya cherehani, akakanyaga pedali bila kitambaa. Sindano ilishona hewa.

Alikuwa bado pale wifi yake alipofika. Wifi huyu, dada wa Fundi Paa, alifanya kazi kwenye kitalu cha miche cha manispaa. Mkono wake ulikuwa mwepesi kwa mimea, na ulimi wake mwepesi zaidi.

"Wifi, msiba wa nani?" aliuliza kabla hata ya kukaa.

"Msiba gani?"

"Naona makaburi chini ya dirisha la kaka yangu."

"Nilipanda maua, wifi."

"Hukupanda, ulizika. Tena ulizika hai. Haya si maua ya kivuli haya?"

"Ndiyo. Nilitaka yamletee kaka yako kivuli."

Wifi alimtazama, akadhani ni utani. Alipoona si utani, alicheka hadi akashika nguzo. "Yalete kivuli? Wifi, maua ya kivuli ni maua yanayotaka kukaa kivulini. Umemchukua mtu wa chumbani ukamwanika juu ya bati, kisha unamngoja akupepee."

Mama Cherehani hakucheka. Machozi yalimtoka, yakadondokea gauni la watu. Wifi alivuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Nisamehe. Mdomo wangu hauna breki. Niambie."

Akaambiwa yote: maneno ya muuguzi, ya ukuta, na ya nyumba isiyoota kitu. Wifi alisikiliza, kichwa kakiinamisha.

"Kumbe si maua unayopanda," alisema mwisho. "Haya. Leo hatupandi kitu. Leo tunatazama jua."

Walishinda wakitazama. Asubuhi, ukuta wa nyuma, penye bafu, ulikuwa na kivuli, na mchana kivuli kilikuwa bado pale. Chini ya dirisha kivuli kilitoweka mchana, jua likatawala hadi machweo.

"Umeona?" alisema wifi. "Kila mmea una kwao. Kabla hujanunua, jua kwanza pale unapotaka kupanda pana jua kiasi gani. Kisha mwulize muuzaji swali moja tu: huu unapenda kukaa wapi? Ule mche mmoja uliobaki na uhai tuupeleke nyuma ya bafu. Kivuli cha dirishani kitafute kwa mti au kwa turubai. Ua halifanyi kazi ya mti."

"Na hapa dirishani?"

"Hapa tutaweka mmea unaotambaa, wenye majani manene, madogo kama punje za mchele. Majani yake yanaweka maji, kwa hiyo hauogopi jua. Maua yake yanafunguka jua likiwaka. Unafunika ardhi kama mkeka, na ardhi iliyofunikwa haitoi vumbi. Lakini una adui."

"Wadudu?"

"Ufagio wako."

Mama Cherehani alishika kiuno. "Wifi, hapo umenigusa pabaya. Nisipofagia, watu watasema nimeshindwa na nyumba."

"Watu husema hata ukifagia. Njoo uone." Wifi alimpeleka kwenye kona ya nyumba. Mawe ya msingi yalikuwa nje, matupu kama meno ya mzee. "Haya mawe ulipohamia yalionekana?"

"Hapana. Yalikuwa chini ya udongo."

"Udongo huo umeufagia wewe, mvua ikamalizia. Udongo wa juu ndio chakula cha mmea. Kila asubuhi unaondoa chakula mezani, halafu unashangaa wageni wanakufa njaa. Fagia njia na baraza. Penye mimea, ng'oa magugu kwa mkono, na majani makavu yaache. Yanatunza unyevu."

Sauti ilitoka dirishani, nzito na ya uchovu. "Dada, usimsumbue mke wangu. Yatakufa tu."

Wifi alimvuta mke mbali na dirisha. "Miche naijua," alinong'ona. "Mtu sijui anamwagiliwaje."

Hata hivyo walifanya kazi. Walilowesha udongo, wakaulima hadi jembe likazama lote. Walichanganya samadi iliyooza vizuri. "Samadi mbichi inaunguza mizizi," wifi alieleza. "Nzuri hainuki, na inafikichika mkononi." Kutoka kitaluni alileta vipande vya shina, kila kimoja urefu wa kidole. Waliondoa majani ya chini. Jioni, jua lilipopoa, walivichomeka vipande udongoni, shubiri moja kutoka kimoja hadi kingine.

"Maji asubuhi au jioni, na uyamwage chini, si juu ya majani. Kwanza chomeka kidole udongoni. Ukiona unyevu, ngoja. Mimea mingi inauawa na mapenzi."

Mama Cherehani alishona vipande vya kitambaa chepesi, akavitandaza juu ya vijiti, miche isiungue kabla ya kushika. Kisha akangoja.

Kungoja kulikuwa kugumu kuliko kulima. Vipande vililegea, vikawa kama vilivyokufa. Mgongoni mwa mumewe kilitokea kidonda cha kwanza, chekundu. Alikiosha, akakifunga, akatoka nje kulia asisikike. Njiani watu walisema, "Mama Cherehani siku hizi kalegea. Uwanja umemshinda." Asubuhi moja alichukua ufagio, akasimama juu ya miche. Alitaka kuufagia upuuzi wote hadi barabarani. Aliinama aanze. Ndipo akaona, kwenye shina moja lililolegea, ncha mpya ya kijani, ndogo kama kichwa cha pini. Aliurudisha ufagio barazani. Hakufurahi. Furaha iliwahi kumdanganya.

Mimea ilishika, ikatambaa. Aliondoa vitambaa. Mvua ilinyesha, na udongo haukwenda. Upepo ulivuma, na shuka zilibaki safi. Nyuma ya bafu, ule mche wa majani mapana ulitoa majani mapya kivulini. Chini ya dirisha, jua lilipowaka, yalifunguka maua madogo, mekundu na ya njano.

Fundi Paa hakugeuka. Mke alimwambia, "Yamechanua," naye akajibu, "Hewala." Basi. Ila hakuagiza tena dirisha lifungwe. Kidonda nacho hakikupona. Muuguzi alikitazama, akatikisa kichwa.

Alasiri moja Mama Cherehani alikuwa barazani akipiga pindo la sketi. Alisikia kitanda kikilia, kisha sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu siku ya bati.

"We kuku. Toka. We mke wangu, uko wapi? Kuku wa watu anachakura maua yangu."

Cherehani ilinyamaza. Alisikia neno la mwisho, akalirudia moyoni. Yangu.

Alichungulia chumbani kupitia mlangoni. Fundi Paa alikuwa amekaa. Mkono mmoja ulishika nondo ya dirisha, mwingine uliegemea godoro. Jasho lilimtiririka. Miguu ililala kama ilivyolala siku zote, mizito, haina habari. Lakini mgongo ulikuwa umesimama, na uso ulikuwa nje.

"Unangoja nini?" alisema. "Mimi ndiye niende?"

"Nakwenda," alisema mke. "Natafuta viatu."

Viatu vilikuwa miguuni mwake. Alisimama pale pale mlangoni, akamwacha kuku achakure kidogo.