Mvinyo wa Kumeza

Siku shirika la wazungu lilipouza vyombo vyake kwa mnada, nusu ya Kigoma ilihamia kwenye uwanja wa ghala lao karibu na stesheni. Wengine walikuja kununua, wengine kushangaa tu vitanda vya wakubwa. Wakimbizi wa Burundi walikuwa wameanza kurudi kwao, kambi zinafungwa moja baada ya nyingine, na wazungu nao wakawa wanafungasha.

Lyse alifuata sufuria. Alivaa kitenge cha njano chenye maua ya bluu, kilemba cha kitenge hichohicho, na uso wa mtu asiyetaka mchezo. Mgahawa wake wa Rusimbi ulikuwa na wateja wengi kuliko vyombo, na pale mbele ya dalali zilipangwa sufuria nne nene, zinang'aa hadi unajiona meno. Tatizo ni kwamba dalali alikuwa ameziweka fungu moja na kasha la chupa za mvinyo.

"Mimi nataka sufuria. Chupa baki nazo," Lyse akamwambia.

"Dada, fungu ni fungu. Unabeba na chupa zake."

Lyse akataja bei. Sauti ya kiume nyuma yake ikapandisha. Akapandisha tena, sauti ikamfuata. Akageuka kwa hasira.

"Wewe kaka, sufuria zote hizo za nini? Unaolewa?"

Watu wakaangua kicheko. Aliyepandisha bei alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na wala hakukasirika.

"Sufuria sizitaki hata kidogo, dada yangu. Nataka chupa."

"Na mimi chupa sizitaki!"

"Sasa tunagombana kwa faida ya nani?"

Wakatazamana, kisha wote wawili wakamtazama dalali, ambaye furaha ilianza kumtoka usoni. Wakachanga, wakanunua, wakagawana. Kijana akambebea Lyse sufuria kichwani mpaka Rusimbi bila kuombwa, akimwacha rafiki yake alinde kasha la mvinyo.

Aliitwa Gideon. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, yeye akazaliwa Ujiji. Alikuwa mpishi wa daktari Mfaransa wa shirika lile, na huyo daktari alimfundisha kwamba kila mvinyo una chakula chake.

"Uongo huo," Lyse alisema. "Chakula ni chakula."

"Nipikie, nikuonyeshe."

"Mjanja wewe! Unataka kula bure."

"Kula na kukutazama. Vyote bure."

Lyse akasonya, lakini Jumapili alipofunga mgahawa alipika. Chupa ya kwanza ilikuwa nyekundu, ya Ufaransa, na sahani ilikuwa sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa kwa mawese. Alionja mvinyo akakunja uso kama mtoto aliyepewa dawa.

"Huu unakausha ulimi kama ndizi mbichi."

"Kula kwanza sombe. Halafu rudia."

Akala, akarudia. Akarudia tena.

"Haya sema," Gideon akamchokoza.

"Mawese yameulainisha," alikiri kwa shida. "Lakini usijisifu. Mpishi ni mimi."

Jumapili iliyofuata walifungua mweupe mtamu wa Kijerumani kwa dagaa wa kukaanga waliojaa pilipili, na Lyse akatangaza kwamba huo ndio wake, maana ulibembeleza pilipili bila kuizima. Mweupe wa Kitaliano waliunywa na samaki mgebuka wa kuchoma. Huo aliukataa kabisa. Alisema kipande cha limau kingefanya kazi hiyohiyo na kisingesafiri mbali kiasi hicho. Gideon alicheka mpaka akashika ubavu. Wakati fulani katikati ya kicheko hicho, Lyse alijiona anayapenda meno ya Gideon, na mikono yake, na namna anavyosubiri neno lake kabla ya kumeza tonge.

Simu zikaanza.

"Kipenzi, umekula nini leo?"

"Maharage na ndizi."

"Hayo yanataka mwekundu wa Kireno."

"Gideon, hapa nimekunywa maji."

"Ya Tanganyika?"

"Ya Tanganyika."

"Ya mwaka huu? Mazuri hayo, yana harufu ya dagaa kwa mbali."

"Lala, mwendawazimu!"

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mama yake, Ndayikunda, alishaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Na muda haukuwepo. Baba yake, Mzee Manirakiza, alikuwa amejiandikisha kurudi Burundi na familia yake yote. Malori yangeondoka mwezi ujao, na Lyse alikuwa na nafasi yake ndani.

"Kama una neno la kumwambia Baba," Lyse alimwambia Gideon, "lilete nyumbani kabla ya malori. Akishanipandisha, mimi nimekwenda."

"Nitakuja Jumamosi. Mkono mtupu haulambwi, nitaleta mvinyo, mwingi, tulinganishe."

Jumamosi Gideon alifika na koti la kuazima na chupa tatu kwapani. Ndayikunda alikuwa amepika mgebuka, maharage na ndizi. Lyse yuko jikoni anasonga ugali, kitenge kipya kiunoni, anajisikilizia mwenyewe jinsi anavyotabasamu. Sebuleni Gideon alikuwa akihesabu hatari. Chupa tatu, na yeye hajala tangu asubuhi kwa woga. Akilewa mbele ya baba mkwe, amekwisha. Akakumbuka alivyofanya daktari wake kila alipoonja mvinyo mwingi. Akafungua ya kwanza, akajimiminia kidogo, akazungusha, akanusa, akasukutua kinywani, kisha akatema kwa adabu zote kwenye kikombe. Akafanya hivyo kwa zote tatu. Akamjazia Mzee glasi.

Lyse alipoingia na ugali alikuta Mzee ameisukuma glasi kando. Mama yake alikuwa ameshasimama.

"Kijana," Mzee Manirakiza alisema polepole, "kwetu anayeleta kinywaji hukionja yeye kwanza. Anakimeza mbele ya macho yetu, tujue hakina sumu. Wewe umeonja, umetema, halafu umenimiminia mimi."

"Mzee, wataalamu wa mvinyo ndivyo wanavyo..."

"Wataalamu wa nini? Wa kuua watu?"

Ndayikunda alichukua glasi akaenda kuimwaga uani, mbali na kuku.

"Gideon," Lyse aliuliza, "umetema?"

"Nimetema, Lyse, lakini..."

"Shikamoo yako nimeipokea," Mzee akamkatisha. "Chupa zako ondoka nazo."

Akaondoka nazo. Lyse aliweka ugali mezani akaketi mbele yake, akalia kwa uchungu na kwa aibu, maana yeye ndiye aliyewaambia wazazi kwamba kijana huyu ana adabu. Baba yake hakufoka. Alisema tu, "Utapanda lori nasi, mukobwa wanje, binti yangu," akala maharage yake.

Siku kadhaa simu iliita, hakupokea. Mwishowe alipokea ili amtukane.

"Lyse, usikate."

"Nakata."

"Ungekuwa unakata ungeshakata."

"Sema haraka, nina chungu motoni."

"Wazungu wakionja mvinyo wa aina nyingi hutema wasilewe. Niliogopa kulewa mbele ya baba yako. Ni hilo tu, mpenzi wangu. Mila yenu sikuijua, na sikuuliza. Hapo nina kosa."

"Mbona tulipoonja sisi wawili hukutema?"

"Mbele yako nilikuwa nalewa kabla ya kufungua chupa."

Kicheko kilimtoka Lyse bila ruhusa. Akakirudisha upesi.

"Mimi nimekuelewa. Lakini kunielewesha mimi hakutoshi. Baba hawezi kumwachia binti yake mtu anayetema."

"Basi nije nimeze."

"Uje. Mpaka tone la mwisho, na yeye anaona."

Alikuja jioni ileile, safari hii bila koti, na chupa moja tu, nyekundu ya Kifaransa. Mzee Manirakiza aliitikia shikamoo yake bila kumwangalia. Lyse alisimama mlangoni, mikono imeshika fremu.

Gideon akafungua chupa, akajaza glasi mpaka pomoni, akasema, "Mzee, tazama," akaigeuza kinywani. Lyse aliona koo likipanda na kushuka. Kisha harufu ikamfikia, akaitambua mara moja, maana ndiyo harufu ya siki anayomwagia kachumbari. Joto la bati la chumba cha Gideon lilikuwa limeuharibu mvinyo. Machozi yalimjaa Gideon machoni, mshipa wa shingo ukamsimama, lakini akajikaza kisabuni akamaliza glasi nzima. Hakukunja uso. Alifungua mdomo kumwonya Mzee, sauti ikagoma kutoka, na Mzee alikuwa ameshajimiminia na kupiga funda kubwa.

Funda lile lilitemwa likatokea mlangoni. Lyse aliruka pembeni, kuku wakatawanyika.

Halafu Ndayikunda, aliyekuwa hajacheka tangu wajiandikishe kurudi, alianza kucheka mpaka akakaa chini.

"Mama weee!" Mzee alifuta ndevu. "Na wewe umemeza yote hii?"

"Nimemeza, Mzee," Gideon alisema kwa sauti iliyokwaruzwa.

"Kwa nini, wewe mtoto?"

"Kwa sababu nampenda Lyse."

Mzee aliiziba ile chupa. Akaagiza urwarwa, pombe yao ya ndizi. Alipoletewa, akaionja yeye kwanza, akaimeza, akampa Gideon kwa mikono miwili.

"Mtu wa namna hii simtemi tena," alisema. Kisha akamgeukia mkewe. "Ile nafasi ya Lyse kwenye lori, mpakie mbuzi wako."

Lyse alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akakimbilia jikoni kumtafutia Gideon maji, maana tumbo lilikuwa limeanza kumsokota.