Sura Ndani ya Beseni

Siku walipokutana stendi ya Omurushaka, Kokubanza alikuwa ametandaza juani karatasi zake za picha, zile zinazopakwa dawa na kugeuka buluu. Kivuli cha mwanamume mwenye shati jeupe kikazifunika.

"Kaka, umenizibia jua."

"Tangu lini jua likawa lako, dada?"

Egbert alikuwa mnunuzi wa kahawa. Hakuondoka mpaka alipopata namba ya simu, na tangu hapo simu haikupoa.

Mwezi huu alihamishiwa Kyerwa. Kabla ya kwenda akamwachia Kokubanza kifurushi cha akamwani, kahawa ya kutafuna. "Mpelekee mama yako. Mwambie nataka kuja kujitambulisha."

Kokubanza hakukipeleka. Kila alipokishika aliwaza: mama akikataa je? Badala yake akajipa kazi. Egbert alikuwa amelalamika kwamba buluu ya picha aliyompiga inamfanya aonekane maiti, basi akaamua kumgeuza kahawia. Unaloweka picha kwenye magadi mpaka ififie, kisha unaitia kwenye chai ya rangi iliyokolea.

Jumamosi Egbert akaingia ghafla kutoka Kyerwa na kuchungulia beseni. Sura yake ilikuwa imebaki ukungu wa manjano.

"Unanifuta, Koku?"

"Sikufuti, mpenzi, subiri..."

"Mama umempa kahawa?"

"Bado."

"Basi nimeelewa." Akatoka kuelekea kwenye basi la Kyerwa.

Kokubanza alitafuta majani ya chai, kopo tupu. Akazunguka chumba kizima, akakaa, akainuka. Kisha akafanya wazimu: akafungua kile kifurushi, akazitwanga akamwani zote, akazichemsha. Maji yalipopoa akazamisha picha. Nyusi zikarudi kwanza, kisha lile tabasamu la utundu, kahawia tupu. Alilia huku akipiga simu.

"Egbert, shuka."

"Nishuke kufanya nini?"

"Umerudi. Njoo ujione."

Alifika kwa bodaboda, shati limejaa vumbi jekundu. Aliitazama picha kwa muda mrefu, halafu akanusa.

"Kahawa hii umeitoa wapi?"

"Ni ile ya mama," akasema kwa sauti ndogo. "Niliogopa angekukataa. Leo nikaogopa zaidi kukukosa."

Egbert akacheka mpaka akashika ukuta. "Sasa twende kwa mama mikono mitupu?"

"Twende na picha. Akiuliza kahawa, mwambie umeipaka usoni."

Akaibana picha mbichi kwenye kipande cha boksi kwa vibanio vya nguo, wakatoka kutafuta bodaboda ya kwenda Chonyonyo, kwa mama.