Myrtis na Shimo la Maji ya Buluu

Jumamosi hiyo Myrtis alipika wali wa kunde kwa nazi. Samaki walitoka kwa mdogo wake, Oslyn. Carlton, mumewe Myrtis, alikula mmoja, akalamba vidole, akachukua wa pili.

"Shemeji yangu anajua kufuga," alisema. "Samaki mtamu namna hii sijala siku nyingi."

Myrtis alitabasamu kwa midomo tu. Moyoni aliungua.

Pale Linden, mji wao, kampuni ilipomaliza kuchimba boksiti, madini ya kutengenezea alumini, iliacha mashimo makubwa. Yalijaa maji yakawa maziwa. Oslyn alifuga perege katika vizimba vya wavu kwenye shimo la chini. Maji yake yalikuwa ya kahawia kama chai. Kila asubuhi Myrtis alipita hapo akienda kwenye mihogo yake. Kila asubuhi aliwakuta watu wakimsubiri Oslyn awauzie samaki. Tangu utotoni ilikuwa hivyo. Oslyn ndiye aliyeimba kanisani. Oslyn ndiye aliyesifiwa na mama.

"Na mimi nitafuga," Myrtis alimwambia mumewe. "Nitafugia kwenye shimo la juu. Maji yake ni ya buluu, unaona mpaka chini. Si yale matope ya Oslyn."

Oslyn alisikia, akaja.

"Dada, shimo lile usiliguse kabla halijapimwa. Umewahi kuona chura pale? Umewahi kuona hata jani moja limeota majini?"

"Unaogopa nitakupita."

"Nakuambia ninachokijua."

"Haya, umeshaniambia. Nenda ukalishe samaki wako."

Wiki hiyohiyo Myrtis alinunua vifaranga mia mbili vya perege. Alivimwaga kwenye kizimba kipya katika maji ya buluu. Vilizunguka haraka haraka, vikapanda juu, vikawa vinatweta. Kufikia mchana vyote vilikuwa vinaelea matumbo juu.

Myrtis alishuka mbio hadi shimo la chini. Wateja walikuwa wamejaa.

"Umewatilia sumu samaki wangu," alimwambia mdogo wake. "Hukutaka nipate hata kidogo."

Oslyn aliweka ndoo chini, akampigia simu Bwana Deonarine, mtu wa kupima maji, ambaye kila mwezi alikuja kukagua vizimba vyake.

Bwana Deonarine alifika kesho yake na vikaratasi vya kupimia ukali wa maji.

"Mama, chovya mwenyewe," alimwambia Myrtis.

Myrtis alichovya kimoja kwenye maji ya kahawia. Kikawa kijani.

"Hiyo ni saba," alisema Bwana Deonarine. "Saba ni nzuri. Twende juu."

Kwenye maji ya buluu karatasi iligeuka rangi ya chungwa.

"Nne. Ikishuka chini ya sita, samaki anaanza kuteseka. Nne ni kama kumtia kwenye maji ya ndimu."

"Lakini ni safi. Yanang'aa."

"Yanang'aa kwa sababu hakuna kinachoishi ndani yake. Mvua inaosha mawe yaliyochimbuliwa, maji yanakuwa makali. Maji makali yanayeyusha madini, na madini yanaziba mashavu ambayo samaki anapumulia. Anakosa pumzi humohumo majini."

"Basi hakuna aliyetia sumu?"

"Hakuna. Shimo la mdogo wako linaingiwa na kijito, maji yanabadilika. Na samaki wake tuliwapeleka maabara, tukapima kama wana madini mabaya, kabla hajamuuzia mtu yeyote."

Myrtis hakujua macho yake ayaweke wapi. Alikaa siku mbili bila kutoka. Siku ya tatu alikwenda kwa Oslyn wakati wateja wapo.

"Nilikusingizia," alisema. "Nimekosa."

Oslyn alielekeza kidole ng'ambo ya shimo lake. "Upande wa mashariki kuna nafasi ya vizimba vyako," alisema.

Safari hii Myrtis hakuwa na haraka. Alipima maji kwanza. Kisha aliweka samaki watano tu kwenye kikapu cha wavu kwa siku tatu. Walipokaa wazima, ndipo alipoleta wengine. Alipima kila wiki, na kila baada ya mvua kubwa. Kwenye shimo la buluu yeye na Carlton walisimamisha ubao: *Maji haya ni makali. Usifuge, usinywe.*

Hata hivyo samaki wa Oslyn walikuwa wanene zaidi, na Myrtis aliwatazama kwa jicho baya.

Msimu wa mvua, Oslyn alimpeleka mama yao mjini Georgetown kwa daktari wa macho. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Ilipokatika, Myrtis alikwenda kupima. Upande wake, saba. Upande wa Oslyn, tano. Tuta la udongo lililozuia maji ya machimbo lilikuwa limebomoka, na maji mekundu yalikuwa yanashuka kutoka kwenye lundo la mawe yaliyochimbuliwa. Samaki wa Oslyn walikuwa juu, wanatweta.

Hakukuwa na mtu mwingine pale. Angeondoka, nani angejua? Myrtis aliwaza wateja wote wakija kwake. Wazo lile lilikuwa tamu, na utamu wake ukamtisha. Alimpigia simu mumewe.

"Carlton, njoo na koleo. Njoo na kamba. Upesi."

Walivuta vizimba vya Oslyn kimoja kimoja hadi upande wa mashariki. Kimoja kilichanika, Myrtis akawahamishia samaki waliokuwamo kwenye kizimba chake mwenyewe. Kisha wakaziba tuta kwa magunia ya udongo. Jioni mikono ya Myrtis ilikuwa imechubuka. Samaki walikufa wachache tu. Baada ya majuma mawili maji ya upande ule yalirudi kuwa saba.

Oslyn aliporudi alisimama ukingoni, akahesabu vizimba.

"Kimoja hakipo."

"Kilichanika. Samaki wako nimewachanganya na wangu."

"Sasa tutawajuaje?"

"Hatutawajua."

Oslyn aliinama, akawatazama samaki wakigombea chakula.

"Wale wakubwa ni wangu," alisema.

"Thubutu," alisema Myrtis, na wote wawili wakacheka.