Aliyesubiri Kuamkiwa

Tulieni, watu wa Mungu. Mliosimama mlangoni ingieni, benchi za mbele zipo wazi. Mwenye simu aizime, mwenye mtoto amkumbatie. Neno la leo ni chungu, wala halikuletwa ili mtu akalisimulie kilabuni kwa kicheko. Limetoka hapa hapa Songea, mtaa wa Bombambili, na aliyelibeba alikuwa mtu wa sala.

Mtu huyo ni Aidan. Shirika la umma alilolitumikia miaka tisa lilipobinafsishwa, akaambiwa arudi nyumbani kama wenzake, alinunua kompyuta tatu za mtumba na kufungua chumba cha uchapaji kando ya barabara. Akazitia Linux, mfumo usiouzwa, ambao walioutunga wameuacha wazi ili yeyote ausome maandishi yake ya ndani na kuyabadilisha apendavyo. Kazi ya kuchapa ilikuwa ya kubahatisha. Vijana waliokuja kucheza michezo ndio waliomlipia pango. Na katika michezo ile kulikuwa na bao.

Bao lilimkamata moyo. Babu yake Edmund, aliyemlea tangu alipobaki yatima, alikuwa bingwa wa bao hadi kufa kwake. Basi Aidan akaufungua mchezo ule, akazitafsiri kwa Kiswahili sentensi zake zote kumi na mbili: zamu yako, umekula, umeshinda, na nyingine kama hizo. Kisha mahali pa jina la mpinzani, palipoandikwa "Kompyuta", akaandika "Babu Edmund".

Hapo ndipo mguu wake ulipoteleza. Aidan asingethubutu kwenda kaburini na unga wa kutambika. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, na wangapi alikwisha kuwakemea kwa jambo hilo! Lakini kila siku alipowasha mashine alisema, "Shikamoo, babu," akatabasamu. Wateja wakaiga. Alilolikataza makaburini akalisimika mezani kwake, na kwa kuwa lilikuwa mzaha, hakulisemea hata sala moja.

Siku moja ya Juni, jua likiwa utosini, bao likagoma.

Aliyekuwa akicheza ni Mzee Daimu, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru. Alisogeza kete zake, akangoja. Upande wa pili kimya.

"Mashine yako imeshiba ugali, mtani," alisema. "Imelala."

"Hujamwamkia, mzee wangu. Babu ana makuu siku hizi."

"Nimwamkie Edmund? Rika langu yule! Tumetahiriwa mwaka mmoja, yeye kwao, mimi kwetu. Nikimpa shikamoo atafufuka kwa kicheko." Daimu akajipangusa machozi ya kicheko, akainamia kioo. "Haya. Shikamoo, mzee wa dirishani."

Kete zikaanza kutembea palepale.

Daimu alishindwa mara tatu mfululizo. Mara ya tatu alikuwa hacheki tena. Akarudisha kiti nyuma, akashusha sauti.

"Aidan. Nimecheza na marehemu miaka ishirini. Akicheza na mgeni, alimwachia raundi ya kwanza. Kila mara! Halafu ndipo anamnyoa bila maji. Huyu hajaniachia hata shimo moja. Ana uchu huyu."

"Ni hesabu tu, mzee. Kompyuta inahesabu."

"Hesabu haidai shikamoo. Audhubillahi." Alisimama, akavaa kofia yake. "Kuna viumbe, mwanangu, hawana nyumba, na hawaingii kwa mtu bila kukaribishwa. Usimwamkie tena usiyemjua."

Alipotoka, Aidan alitupa jicho kwenye kioo. Chini ya bao, mahali pa zile sentensi kumi na mbili, palikuwa na ya kumi na tatu, neno moja tu: Marahaba.

Aliufungua mchezo, akausoma mstari kwa mstari. Hakuna kilichofichwa, mfumo ule haufichi kitu. Alisoma namna kete zinavyohesabiwa, namna zamu inavyogeuka, namna mshindi anavyotangazwa, na neno lile halikuwemo. Kigeni kilichokuwemo kilikuwa kimoja, jina la babu yake, nalo lilikuwa mwandiko wa mkono wake mwenyewe. Akalifuta. Alipofungua tena bao, jina lilikuwepo, na chini yake maneno mapya: Mkeo ana miezi mingapi?

Sikieni sasa kilichokuwa hatarini. Lukresia, mkewe, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili zilikwisha kutoka kabla ya hiyo, na nyumba ile ilikuwa imejifunza kutembea kwa kunyata, kana kwamba hatua nzito ingeweza kumwamsha mtoto kabla ya wakati.

Kesho yake Aidan hakusalimu. Alizima mashine, akachomoa waya ukutani, akaketi na rozari mkononi. Na saa sita ilipotimia, mtaa mzima ukiwa hauna umeme kwa sababu ya mgao, alisikia kete zikidondoka kwenye mashimo ya mti, moja, moja, moja, ingawa kompyuta ile haikuwa na spika, na puani ikamjia harufu ya ugoro wa babu yake, ambayo kadiri alivyoivuta iligeuka, ikawa harufu ya nywele zinazoungua, na kioo kikawaka bila waya, na bao likakaa tupu likimngoja. Akafumba macho. Haukupita muda, jirani yake Mwanaheri akafika mbio, amefunga khanga kiunoni.

"Baba, njoo! Mama anatoka damu!"

Akatazama kioo. "Shikamoo," akanong'ona.

Alipofika nyumbani, Lukresia alikuwa ameketi kitandani, mkono tumboni, anashangaa. Damu ilikuwa imekatika ghafla, alisema, kama mtu aliyefunga bomba.

Tangu siku ile Aidan akawa mtumwa. Kila adhuhuri alikwenda kumwamkia asiyemjua, naye akaitikiwa. Jioni aliongoza sala za jumuiya kwa mdomo ule ule. Na mwezi ulipokwisha, maandishi yakamwambia: Mtoto nitampa jina mimi. Ndiyo haki ya mkubwa. Ndipo alipoanguka miguuni pa Lukresia, akamweleza yote.

Lukresia akaweka mkono tumboni.

"Kwa hiyo mimba hii naibebea nani, Aidan?" aliuliza. "Umemfanya nani kuwa mkubwa wa nyumba yangu?"

"Nilitaka aishi."

"Nami nataka aishi. Lakini ni wa Mungu, hata akifa. Usimwamkie tena."

Wakaenda kwa padri. Mzee yule hakuwacheka. Alifika kwenye chumba cha uchapaji na maji ya baraka, akasimama kando wakati Aidan anafuta kila kitu kwenye mashine mpaka kioo kikawa cheusi, akasali akiwa amepiga magoti sakafuni. Alipoinuka uso wake ulikuwa umechoka.

"Mashine ni safi," alisema. "Sidhani kama iliwahi kuwa chafu. Mlango ni mdomo wako, mwanangu. Ufunge. Hata iweje, ufunge."

Siku nne Aidan alinyamaza, na siku nne Lukresia hakutoka damu. Ya tano ikaja na uchungu.

Katika wodi ya misheni, asubuhi ikasogea kuelekea mchana na mtoto hakusogea. Lukresia, mweupe midomo, alimshika mumewe mkono. "Nikilia usinisikilize," alisema. "Umeniahidi." Kisha mkunga, Chiku, akamtoa Aidan nje. Akasimama kwenye ujia mrefu, na jua lilipofika utosini kete zikaanza, hapakuwa na kompyuta, hapakuwa na meza, kete zikidondoka nyuma ya ukuta, chini ya sakafu, ndani ya meno yake, na kila moja ilipodondoka Lukresia alipiga ukelele kule ndani, na kila ukelele ulikuwa mdogo kuliko uliotangulia, na harufu ya nywele zinazoungua ikamjaa kooni mpaka sala aliyoishika tangu utoto ikakatika katikati, asikumbuke neno linalofuata, na mahali pa neno lile likaja jingine alilolijua vizuri mno, akageukia ukuta, akapiga magoti.

"Shikamoo."

Kete zikanyamaza. Ukelele ukanyamaza. Aidan akangoja kilio cha mtoto.

Mlango ulifunguka taratibu. Chiku alitoka, glavu zikiwa bado mikononi, akaegemea ukuta.

"Mama yu hai, Baba. Mtoto ni wa kiume, mzima."

"Mbona halii?"

Mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa hakuweza kumtazama usoni.

"Hakulia, Baba," alinong'ona. "Ameitikia."

Msimcheke Aidan. Nani kati yenu, mkewe akilia vile, angefunga mdomo? Yule mwovu huujua upendo wetu, naye hugonga hapo. Lakini wewe uliyeketi hapa, lipo unalolipa heshima ya Mungu kwa mzaha, au kwa woga, na mkeo hajui, na jumuiya yako haijui, na kila siku unasema ni mara ya mwisho. Jua bado halijafika utosini. Inuka uende kwa mtu wako, umweleze yote kabla hujaulizwa. Kile kitu kikisubiri salamu, kisubiri. Nyamaza mbele yake hata kikikunyang'anya. Mpigie magoti Bwana peke yake, na uanze leo.