Vipimo Vinne Vilivyofutwa

Jumamosi asubuhi Chiriku alikuwa anasugua sufuria mlango ulipogongwa kwa fujo. Alipofungua, alimkuta mwanamume asiyemjua, tai imemkaba shingo, bahasha kwapani, jasho linamtiririka.

"Shikamoo."

"Mama Atomu yupo?" mgeni aliuliza bila hata kuitikia.

Mama Atomu ni jina la utani alilopewa shangazi yake Chiriku kazini. Miaka kumi na moja alikuwa akichunguza atomu, chembe ndogo mno zinazojenga kila kitu. Alizipasha moto, zikatoa mwanga, naye akaupima mwanga huo na kuandika alichokiona.

Shangazi alitokea ukumbini, akashtuka kumwona mkuu wake wa kazi. "Mkurugenzi! Kwangu, leo Jumamosi?"

"Nimekuletea bahati, mama. Weka saini hapa makala yetu itoke. Ile maabara mpya utaiongoza wewe."

Shangazi alitoa makala kwenye bahasha, akapitisha kidole kwenye mchoro wa vipimo. Kidole kikakwama. "Vipimo vyangu vinne viko wapi?"

"Ah, vile vilivyokaa upande? Vilikuwa vinaharibu mstari. Nimevifuta."

Shangazi alikunja uso kama mtu aliyefunua chungu akakuta mchuzi umechacha.

"Vinne tu kati ya mia mbili!" Mkurugenzi alicheka. "Nani atajua?"

"Mimi. Labda vina kosa, labda vina jambo jipya. Utajuaje kama umevitupa? Unanitia kichefuchefu, mzee. Chukua makala yako."

"Basi hiyo maabara isahau!" Mlango ulibamizwa, vikombe vikatetemeka kabatini.

"Ptuu! Mtu mzima ovyo!" Chiriku aliropoka. "Shangazi, hata kumtazama nimeona kinyaa!"

Mara akageuka kutazama mlango wa chumba chake. Humo kulikuwa na daftari lake la maonyesho ya sayansi. Kwa siku ishirini alitakiwa kupima mche wa maharagwe kila siku. Siku tatu alikwenda kuruka kamba, kisha akatunga namba za kujazia. Alipozikumbuka sasa, zilimchefua kuliko jasho la yule mgeni. Alilileta daftari, akasema yote huku anatazama sakafu.

Shangazi alilifunua polepole. "Kumbe! Mwenzako kapunguza, wewe umeongeza. Mngefanya kazi vizuri pamoja."

Machozi yalimlengalenga Chiriku. Shangazi akamvuta karibu.

"Sikiliza, mwanangu. Maabarani kwetu hatutumii kifutio. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya namba, ili bado isomeke, unaandika kando kilichotokea. Hakuna anayetutaka tupatie kila siku. Tunatakiwa kusema tulichokiona, na tusichokiona tuseme hatukukiona. Ukianza kudanganya daftari, hutajua tena lipi ulilipima na lipi ulilitunga. Niahidi Jumatatu utamwonyesha mwalimu kabla hajauliza."

"Naahidi, shangazi."

Jumatatu jina la Chiriku lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya watakaowakilisha shule. Alimnong'oneza rafiki yake habari za zile namba tatu, naye akampiga kikumbo. "Nyamaza, bwege wewe! Nani atakwenda kumhoji mharagwe?"

Chiriku alicheka kidogo, kisha akalifungua daftari. Alikuwa ameisubiri safari ile ya maonyesho mwaka mzima. Akashika kalamu, akapiga mstari mmoja mmoja juu ya namba tatu na kuandika kando: "Siku hizi sikupima. Nilitunga." Akaliweka daftari mezani kwa mwalimu wa sayansi.

Mwalimu alisoma mara mbili, akavua miwani. "Unajua kazi isiyokamilika haiendi kwenye maonyesho?"

"Najua, mwalimu."

"Na ungekaa kimya nisingegundua."

"Najua, mwalimu," alijibu Chiriku, akarudi kwenye dawati lake huku mwalimu akiliita jina la mwanafunzi mwingine achukue nafasi yake.