Mlango wa Bafu la Bibi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, dereva wa lori alimbeba mama yake, Bibi, hadi bafuni. Bibi aliweza kutoka kitandani na kuingia kwenye kiti chake cha magurudumu bila msaada. Lakini mlango wa bafu la nyumba ya kupanga ulikuwa mwembamba. Kiti hakikupita.

Bibi alifumba macho akibebwa. Hakupenda hata kidogo.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikikuogesha," alimwambia mwanawe. "Mkipata nyumba yenu, sidai chumba kikubwa. Nataka kuingia bafuni peke yangu na kufunga mlango."

Dereva na mkewe, fundi cherehani, walikuwa wameweka akiba ya nyumba. Jumapili moja walikwenda kutazama nyumba zinazouzwa na kampuni moja ya ujenzi, zilizojengwa kwa safu, zote sura moja. Bibi walimwacha nyumbani, eti asichoke. Hapo walikosea vibaya. Fundi huyu hakati kitambaa kabla ya kumpima mteja, lakini nyumba alikwenda kuitazama bila mwenye shida.

Walirudi wakiisifia nyumba ya maonyesho mpaka Bibi akachoka kusikiliza.

"Kabla hamjalipa, nipelekeni na mimi," alisema.

Wakampeleka. Kiti kilipita kila mahali, hata bafuni. Bibi akanyoosha mkono afunge mlango. Mkono ukashika hewa. Palikuwa na fremu tu.

"Mlango uko wapi, mwanangu?" alimuuliza muuzaji.

"Milango ya humu tumeing'oa, Bibi, ili wageni wapite vizuri."

Fundi cherehani akamkazia macho. "Tuonyeshe nyumba tutakayopewa sisi."

Huko milango ilikuwepo. Wa bafuni ulifungukia ndani, ukala nusu ya nafasi. Kiti kikakwama kwenye fremu, vidole vya Bibi vikabanwa.

Muuzaji akatabasamu. "Bibi atazoea. Wengine hubebwa tu."

Azoee nini? Kung'oa milango ni ujanja wa kumwonyesha mnunuzi nafasi isiyokuwepo, na mtu huyu hakuona hata haya. Fundi cherehani akamsogelea kwa hasira.

"Kaka, mimi nikimshonea mtu gauni likambana, simwambii akapungue mwili. Ninafumua. Wewe umetuficha milango, umembana mama yangu vidole, halafu unacheka? Hizo nyumba ambazo hamjajenga, mtapanua mlango?"

"Hatubadilishi chochote. Nyumba zetu zote zinafanana."

"Basi tafuteni na watu wanaofanana," alisema Bibi. "Twendeni."

Jioni, dereva alikuwa bado anafoka. "Kesho naanza kujenga."

Jirani yao alikuwa amekuja kuchukua gauni lake. Kazi yake ni kuchora ramani za nyumba, na mtaani wanamwita Bi Ramani.

"Usijenge kwa hasira, shemeji," alisema. "Nyumba ya tayari si mbaya. Unaiona kabla ya kulipa, unahamia mapema, hukimbizani na mafundi. Ila kagua ile utakayopewa. Kama haijajengwa, omba mabadiliko mapema, na yaandikwe kwenye mkataba."

"Na kujenga?"

"Unapata unachotaka, lakini jasho litakutoka. Hakikisha kiwanja ni cha anayekuuzia na hakina mgogoro. Pata ramani na kibali kwanza. Weka akiba ya pembeni, maana vifaa hupanda bei. Halafu mmoja wenu lazima awepo mafundi wakifanya kazi. Wewe uko barabarani. Nani atasimamia?"

"Mimi," alisema mkewe. "Cherehani nitaibeba niende nayo."

Bi Ramani akamgeukia Bibi. Akapima upana wa kiti, nafasi ya mikono, nafasi ya kugeuka. Mlango wa bafu ukachorwa kwanza, mpana, wa kufungukia nje, bila kizingiti. Vyumba vingine vikafuata.

Wakanunua kiwanja, wakapata kibali, ujenzi ukaanza. Nyumba ilikuwa ndogo, na ilichelewa kuliko walivyotarajia. Siku moja mwashi aliacha nafasi nyembamba ya mlango wa bafu, kama alivyozoea kwingine. Fundi cherehani akavua utepe wake wa kupimia shingoni, akapima.

"Bomoa."

"Dada, imepungua kidogo tu."

"Hiyo kidogo ndiyo inayobana vidole. Ramani unayo. Bomoa."

Mwashi akabomoa huku akinung'unika.

Asubuhi ya kwanza katika nyumba mpya, dereva alikwenda kumbeba mama yake kama kawaida. Kitanda kilikuwa kitupu. Akakimbilia bafuni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, maji yanamwagika.

Akagonga. "Mama? Nimekuja kukubeba."

"Nenda kazini," Bibi alijibu. "Na usimgongee mlango mtu anayeoga."