Mheshimiwa Hajira na Muuza Machungwa

Basi la Arusha liliingia stendi ya Korogwe, na wauzaji wakalivamia dirisha kwa dirisha. Hajira, diwani wa kata ile, alikuwa akipita katikati ya vurugu hiyo, gauni la kitenge cha njano limemkaa, mtandio wa zambarau kichwani, alipopigwa kikumbo na beseni la machungwa. Machungwa yakatapakaa chini.

"Nisamehe, mama!" alisema mwenye beseni.

"Mama nani? Nitazame vizuri kwanza."

Akamtazama. Akarudia kumtazama, sasa bila haraka. "Basi pole, dada. Macho yangu yalikuwa kwenye basi. Sasa yamehama."

Hajira, aliyeachika zamani na kuzoea wanaume wanaomwogopa au wanaokitaka cheo chake, alijikuta anacheka hadharani.

Mwenye beseni jina lake Mbwana, Mzigua wa Handeni. Machungwa aliyalima mwenyewe na kuyauzia kwenye meza aliyokodi pale stendi. Alipojua kwamba yule ni diwani hakutishika. Simu zikaanza.

"Mheshimiwa wangu, umekula?"

"Niko kikaoni, Mbwana."

"Kikao hakishibishi, mpenzi. Nakuletea ndizi za kuchoma."

Mapenzi yakakolea, hata masika yakapita hawajui yamepitaje.

Ndipo Mzee Hiza, kiongozi wa madiwani wa chama cha Hajira, akawaita madiwani wenzake faragha. Meza zote za stendi ziondolewe, alisema, watu wapelekwe eneo jipya nje ya mji. Eneo lenyewe lilikuwa vichaka vitupu, hata choo hakuna.

"Neno hili lisitoke humu mpaka baraza lipitishe," alionya. "Na atakayepinga, uteuzi wa kugombea mwakani asahau."

Jioni ile Mbwana akapiga. Sauti yake haikuwa na utani.

"Hapa stendi wanasema tunavunjiwa. Kweli?"

"Kuna mambo siwezi kuyasema kwenye simu."

"Njoo uniambie uso kwa uso."

"Hata uso kwa uso siwezi."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Sijasema hivyo!"

"Umesema, Hajira. Ulimi tu ndio haujatamka." Simu ikakatika.

Kesho yake alipanda gari la Mzee Hiza kumsihi abadili msimamo. Alibembeleza njia nzima, akacheka hata pasipochekesha, na aliposhuka pale stendi tabasamu lilikuwa bado mdomoni. Mbwana alikuwa amesimama penye meza yake. Aliliona. Akageuka, akaanza kupanga machungwa yaliyokwisha kupangwa.

Tangu hapo hakupokea simu. Hajira alipomfuata mezani kwake alimkuta Efrazia, mama lishe wa jirani, anapepea mkaa.

"Kaenda shambani Handeni. Kasema ukija nikwambie sijui aliko."

"Na wewe umeniambia."

"Mimi mwanamke mwenzio, mheshimiwa. Ila nasi tuambie: watoto wetu watakula nini?"

Hajira akaondoka. Moyo ulimtuma Handeni, miguu ikakataa. Akimkimbilia Mbwana kabla ya kura, mji mzima utasema diwani kapangiwa msimamo na mpenzi wake. Akabaki, akakonda.

Siku ya baraza ukumbi ulifurika. Mbwana alikuja, shati jeupe limenyooshwa, akaketi na wananchi nyuma, macho sakafuni. Mzee Hiza akatoa hoja yake. Hajira akasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, baraza lijue kwanza: kati ya wenye meza pale yuko mtu niliyempenda. Anayetaka kusema natetea mapenzi, aseme. Lakini Efrazia sijamchumbia, na wengine wote wale sijawachumbia." Kicheko kikapasuka, kikazimika. "Sipingi stendi kupangwa. Naomba asihamishwe mtu mpaka eneo jipya liwe na maji, vyoo na mapaa."

Kura zikaitwa. Mkono wa Hajira ukasimama peke yake, na muda ukawa mrefu. Mzee Hiza akageuka nyuma, akawakazia macho madiwani mmoja mmoja. Kisha bibi mmoja, diwani wa kata ya mashamba ya katani, akanyoosha wake. Mwingine akafuata, na mwingine. Ombi likapita kwa tofauti ya kura moja.

"Leo umeshinda," Mzee Hiza alimnong'oneza akipita. "Uteuzi unakuja."

Nje, chini ya jua kali, Mbwana alikuwa anamngoja.

"Umesema 'niliyempenda'. Imekwisha?"

"Simu zangu nani hakuzipokea?"

"Nilikuona unacheka na Hiza."

"Nilikuwa namwomba kwa ajili yenu."

"Ungeniambia, Hajira."

"Ningekuambia wewe, ungemwambia nani?"

Mbwana akakuna kidevu. "Stendi nzima," alikiri. "Nisamehe. Nilikuhukumu haraka." Akashusha sauti. "Wakikukata jina?"

"Itauma. Nimeipenda kazi hii."

"Mimi nataka kumtuma mjomba kwenu, wakikukata wasikukate."

Machozi yakamlenga Hajira. "Mtume. Lakini ajue anakuposea mwanamke atakayechukua fomu tena."

"Na mimi kura yangu iko Handeni, hata kukusaidia siwezi."

"Afadhali. Hakuna atakayesema nimekununua."

Madiwani walikuwa wanatoka, na wake zao watasimuliwa kabla ya chakula cha mchana. Hajira akamshika Mbwana mkono mbele yao. Simu ikaita mkobani. Aliyepiga alikuwa Mzee Hiza. Akaiacha iite.